Matanga ya Kapita Radi wa Makapi

Ukifika Salamabila, mji wa machimbo ya dhahabu huku Kongo, ukauliza nyumba ya fundi Iliasi, watakuuliza kwanza unamtaka Iliasi wa cherehani au Iliasi wa Makapi. Mtu ni mmoja, na kibaraza ni kilekile. Wanauliza tu ili wajue wakuelekeze siku gani. Siku za kazi anashona. Jumapili alasiri, wenye mashimo wakiwa wamepumzisha watu wao, anatawala mji usiokuwepo.

Alizaliwa Kasongo, katika nyumba ya Waislamu ambamo kila mwanaume alishona kanzu, na kila mwanaume aliamini kwamba watu hawataacha kuvaa kanzu. Watu hawakuacha. Walianza tu kununua zilizokwisha kushonwa. Iliasi akapanda nyuma ya pikipiki, katikati ya dereva na gunia la chumvi, akapita mito na matope hadi Salamabila kuchimba dhahabu kama wenzake. Hakuwa mchimbaji hodari, wala hakuwa mbovu. Dhahabu aliyoipata aliila, na ile ambayo hakuipata ilimla yeye.

Siku moja ya masika walikuwa wawili ndani ya shimo, yeye na kijana mmoja kutoka kijiji cha Wamaza aitwaye Élysée. Mlima ukaketi. Ndivyo wachimbaji wanavyosema: mlima umechoka kusimama, umeketi. Iliasi alikuwa karibu na mdomo wa shimo, wakamvuta nje mguu wake ukiwa umegeuka upande ambao miguu haigeukii. Élysée alikuwa ndani zaidi. Watu walichimbua kwa majembe, kwa masururu na kwa mikono, mpaka mvua ikalijaza shimo maji. Baada ya hapo mwenye shimo, ambaye huku huitwa pedeje hata kama ofisi yake ni turubai, akafunga shimo kwa magogo na kuhamia machimbo mengine. Élysée akabaki chini.

Mguu wa Iliasi ulifungwa plasta, naye akalazwa kwenye chumba cha kupanga. Chumba cha pili alikuwa amepanga mtu mmoja wa Goma aitwaye Pierre, mgawaji wa magodoro wa shirika fulani la misaada. Magodoro yalikuwa yamekwama njiani upande wa Kasongo, na Pierre hakuwa na la kugawa. Basi, mmoja hawezi kutembea, mwingine hana kazi, na mvua haikatiki. Pierre akatoa mkobani kitabu cha Kifaransa na mfuko wa dadu. Dadu hizo hazikuwa za pande sita kama tunazozijua. Nyingine zilikuwa na pande nane, na moja ilikuwa na pande ishirini, imeviringana kama tunda.

Mchezo ulikuwa hivi. Mtu mmoja anasimulia: mko mahali fulani, mbele yenu kuna mto, ng'ambo kuna mnyama. Wengine kila mmoja ni mtu fulani wa kutungwa, na kila mmoja anasema atafanya nini. Nitavuka. Nitamsalimu mnyama. Nitarudi nyumbani. Kisha dadu inarushwa, na dadu ndiyo inayosema kama jambo limefaulu. Hakuna mshindi. Hadithi inaendelea mpaka watu waone njaa.

Magodoro yalipofika hatimaye, yaligawiwa asubuhi moja, na Pierre akaitwa kwingine. Pikipiki yake ilikuwa imejaa mno, akamwachia Iliasi kitabu na dadu. Kitabu kililiwa na mchwa. Dadu zilibaki. Mguu nao ulipona kwa namna yake: ulimruhusu kutembea, haukumruhusu kushuka shimoni. Iliasi akatuma Kasongo wamletee cherehani ya babake, akarudi kwenye kazi aliyokuwa ameikimbia.

Wachezaji wake wa kwanza walikuwa watatu, na ndio hao mpaka leo.

Wa kwanza ni Albertine, mama wa miaka arobaini na kitu, anayeuza petroli kwenye chupa kando ya barabara, mkabala na kibaraza cha Iliasi. Alikuja mwanzoni kukataza kelele, akakaa. Wa pili ni Alain, mnunuzi wa dhahabu, mwenye mizani ndogo mfukoni na tabia ya kukutazama kana kwamba anakadiria una gramu ngapi. Wa tatu ni Héritier, mchimbaji, mdogo wake yule Élysée aliyebaki chini. Huyu alianza kuja kumtembelea Iliasi wakati wa plasta. Walikuwa wanakaa tu. Iliasi alidhani kijana atamwuliza habari za kakake, akayatengeneza majibu kichwani, akayapanga vizuri. Héritier hakuuliza. Iliasi akamfundisha mchezo kwa sababu ukimya ulikuwa unamchosha.

Mara ya kwanza aliwasimulia kama kitabu kilivyosema. Kuna ufalme wa theluji, kuna ngome, kuna watu wa msituni wenye masikio marefu wanaoishi miaka elfu.

"Hawa watu wa masikio," Albertine aliuliza, "wanalima nini?"

Iliasi alisema kitabu hakikueleza.

"Miaka elfu, na hawalimi. Ni nani anawapikia?"

Alain alitaka kujua theluji inauzwaje. Héritier akasema yeye hawezi kupigania mfalme asiyemjua. Ngome ikafa siku ileile, pamoja na masikio yake yote.

Jumapili iliyofuata Iliasi akaanza upya. Akasema: "Kuna mji chini ya mlima. Unaitwa Makapi. Ni maskini sana. Watu wake wanachimba jiwe la buluu linalowaka lenyewe gizani."

Wote watatu wakasogeza vigoda mbele.

Tangu siku hiyo Makapi ikakua. Ikapata soko ambalo hukaa Jumatano, isipokuwa daraja likibebwa na maji. Ikapata mganga anayeweza kujigeuza popo lakini hawezi kutibu meno. Chini ya mlima kukawa na joka la vichwa saba, na kila kichwa kinatoza ushuru wake na kutoa risiti. Katika kile kitabu cha mchwa, joka lilikuwa la kuuawa. Iliasi alipowauliza kama wanachukua mikuki, walitazamana.

"Tukiliua," Alain alisema, "ni nani atapiga muhuri?"

Wakaunda kamati ya kuongea na joka. Mazungumzo hayo yalichukua masika nzima. Vichwa vitano vilikubali kukutana nao, cha sita kikasema kiko safarini, cha saba kikasema kinamngoja cha sita.

Albertine alijichagulia kuwa malkia aliyekuja Makapi kulitafuta jeshi lake. Akakuta askari wote wametupa ngao, wanachimba. Akafungua biashara ya mawese, lakini bado alitaka aitwe Malkia, na aliitwa. Alain alijifanya mchimbaji wa kawaida kabisa, na muda si muda akawa analalamika kwamba wanunuzi wa Makapi ni wezi, mizani zao zimechezewa. Alilalamika kwa uchungu wa kweli. Héritier aliutazama mfuko wake wenye mizani.

Héritier mwenyewe alikuwa Kapita Radi, msimamizi wa wachimbaji. Radi alivaa kofia kinyumenyume. Alishuka shimoni akiimba, na alipokuwa akiimba wimbo aliusahau katikati na kurudia mwanzo. Alikuwa mtu wa kulalamikia chakula. Iliasi aliyasikia hayo yote, akiyaongeza moja kwa moja katika hadithi, na alijua vizuri yametoka kwa nani, maana alifanya kazi shimo moja na mwenye kofia hiyo. Hakulisema. Héritier naye hakulisema. Jumapili zikapita, Radi akiimba.

Mwalimu wa chuoni, anayefundisha watoto Kurani, aliletewa habari kwamba Iliasi anarusha dadu barazani, mchana kweupe. Akaja mwenyewe. Aliuliza kama ni kamari. Iliasi akamweleza kwamba hakuna kinachowekwa na hakuna anayeshinda. Mwalimu alikaa akasikiliza sehemu nzima ambamo malkia anabishana na kichwa cha tatu.

"Kama hakuna anayeshinda, si kamari," akasema mwishowe. "Ni upuuzi. Upuuzi hauharamishwi, unachukiza tu." Akaondoka. Alirudi mara moja baadaye, kuuliza kichwa cha tatu kilijibu nini.

Ndipo ikafika Jumapili ile. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na kuacha. Katika Makapi walikuwa wamefikia mkondo mpya wa jiwe la buluu, chini kuliko mahali popote walipowahi kufika. Kapita Radi akasema atatangulia yeye, ndiyo kazi ya kapita.

"Rusha," Iliasi akamwambia. Ilikuwa ni ile dadu ya pande ishirini. "Namba yoyote itafaa. Isipokuwa moja."

Héritier akairusha juu ya meza ya cherehani. Ikaviringika, ikagonga mkasi, ikasimama kwenye moja.

Pierre alikuwa amemfundisha Iliasi kwamba msimuliaji anaweza kurusha dadu nyuma ya kitabu, asione mtu, na kusema namba anayoipenda. Iliasi hakuwahi kufanya hivyo, na sasa kitabu hakikuwepo hata kama angetaka. Wote wanne waliiona. Akakaa akiitazama.

"Mlima umeketi," akasema.

Pikipiki ilisimama mkabala ikataka petroli, ikapiga honi, ikaondoka bila petroli.

"Tunaweza kurudilia," Alain akasema. "Dadu imegonga mkasi. Hiyo haiwezi kuhesabiwa."

"Shimo hairudiliwake," Héritier akajibu. Akachukua kofia yake akaenda zake.

Iliasi hakushona vizuri siku iliyofuata. Aliweka mfuko wa shati mgongoni. Alikuwa anaufumua pale Héritier alipotokea, amenyoa nywele kama mfiwa.

"Yaya Iliasi," akasema, kama mtu anavyomwita kaka mkubwa. "Matanga ni lini?"

"Matanga ya nani?"

"Ya Radi."

Iliasi aliweka shati chini. Alitaka kusema kwamba Radi hakuwa mtu, alikuwa maneno. Lakini kijana alikuwa amekwisha kunyoa. Mtu hanyoi kichwa kwa sababu ya maneno.

"Tuanze leo," akasema.

Albertine alipoambiwa alienda kuteka maji. Alain alileta turubai na mchele, na sukari. Mikeka ikatandikwa mbele ya kibaraza, turubai ikafungwa kwenye nguzo, wanaume wakakaa upande mmoja na sufuria za bukari, ndiyo ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo upande wa pili. Matanga yakawa matanga.

Salamabila si mji ambao watu hupita kando ya matanga. Kila aliyepita aliingia, akavua kofia, akakaa kidogo.

"Poleni. Ni nani ametuacha?"

"Kapita Radi," Héritier alijibu.

"Radi wa wapi?"

"Wa Makapi."

"Makapi iko upande gani?"

"Chini ya mlima," Iliasi alisema. Alitaka kuendelea aeleze, lakini mwulizaji alikuwa tayari anatikisa kichwa kwa huzuni. Mji ulio chini ya mlima, na kapita aliyefia shimoni. Hapakuwa na la kueleza.

Dereva mmoja wa pikipiki, aliyekuwa anangoja chai, alisema Makapi anaifahamu. "Nilishafikaka kule. Ile barabara yake ni mbaya sana. Daraja inabebwaka na maji kila saa." Alain alimwuliza alikwenda kufanya nini. Alimpeleka mama mmoja wa mawese, akasema, mwenye maringo kama malkia. Albertine alikaza kilemba chake na kuendelea kugawa chai.

Mzee mmoja alimkumbuka marehemu. Alikuwa mtu mzuri, akasema, ingawa alilalamikia chakula. Iliasi alimtazama sana, akajaribu kukumbuka kama mzee huyu aliwahi kukaa kibarazani Jumapili. Hakukumbuka. Basi akaacha. Kila matanga yana mzee wa namna hiyo.

Habari huku kwetu husafiri kwa pikipiki, na pikipiki huwa hazisubiri kuelewa. Zilikwenda hadi Wamaza na habari moja fupi: Héritier yuko kwenye matanga Salamabila. Nani amekufa, hazikusema.

Huko Wamaza alikuwako mama yao. Jina lake la ubatizo ni Aimée, lakini tangu azae mtoto wa kwanza hakuna aliyemwita hivyo. Alikuwa Mama Élysée. Baada ya mlima kuketi, majirani walitatizika wamwiteje. Baadhi yao, kwa kumhurumia, wakaanza kumwita Mama Héritier. Akawa haitiki. Wakarudi kumwita kama zamani. Matanga ya mtoto wake aliyakataa. Hakuna mwili, alisema, na mtu bila mwili hajafa, amechelewa. Watu wakimwuliza habari za mtoto, hujibu, "Élysée iko Salamabila, chini ya mlima." Hapakuwa na neno hata moja la uongo ndani yake, kwa hiyo hata katekista alishindwa kumsahihisha.

Aliposikia neno matanga na jina la mtoto wake wa pili katika sentensi moja, hakungoja maelezo. Alifunga unga wa muhogo kwenye kitenge, maana huendi kwenye msiba mikono mitupu, hata msiba uwe wako, akapanda pikipiki.

Alifika alasiri, amejaa vumbi hadi kwenye kope. Akashuka. Akaona turubai, mikeka, watu wameinama. Akatazama uso mmoja baada ya mwingine, mpaka akamwona Héritier amekaa, amenyoa, yuko hai. Alimkazia macho mpaka Héritier akasimama. Kisha akamkabidhi Albertine unga wake.

"Nani amekufa?"

Héritier akamgeukia Iliasi, na Iliasi akaona kwamba kazi hii ni yake. Alijikongoja mpaka mbele ya yule mama, akaketi mkekani, mguu mbovu ameunyosha pembeni, na akaeleza. Alimweleza juu ya Pierre na dadu, juu ya mji ambao hauko popote, na kapita ambaye Héritier alikuwa akisema maneno yake. Maelezo yalikuwa marefu. Kadiri alivyoendelea ndivyo alivyojiona mjinga, lakini alikwisha kuanza. Waliokuwa karibu nao pia walisikiliza. Ilikuwa mara yao ya kwanza kujua. Hakuna aliyeondoka, chai ilikuwa haijaisha.

Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo mutu mulimutunga ninyi wenyewe."

"Ndiyo, mama."

"Hakuzaliwa."

"Hakuzaliwa."

"Na amekufa."

"Amekufa, mama. Shimoni."

"Mwili yake iko wapi?"

"Iko chini. Haikutoka."

"Na mumekaa hapa."

"Tumekaa."

Mama alitazama turubai, halafu sufuria, halafu wazee waliokuwa wamevua kofia kwa ajili ya mtu wa maneno. Mkono wake ulikuwa ukisugua vumbi kwenye goti, unasugua mahali palepale.

"Ulikuwa naye," akamwambia Iliasi.

Iliasi alijua sasa hawamzungumzii Radi.

"Nilikuwa naye."

"Alisema nini?"

Hili ndilo swali alilolitengenezea majibu zamani, akiwa kwenye plasta. Kulikuwa na jibu ambamo Élysée anamtaja mama yake. Kulikuwa na lingine ambamo anasali. Yote yalikuwa mazuri, na yote yalikuwa bado yapo, yamekunjwa vizuri kama nguo za mteja ambaye hakurudi. Iliasi akayaacha yalipo, akatafuta mahali pa kuanzia.

"Alikuwa anaimba," akasema. "Akasahau wimbo katikati, akaanza tena. Kisha akasema maharage ya jana yalikuwa na mawe. Akasema, sogeza taa. Nikasogeza taa. Basi, mama. Ndiyo hayo tu."

Kitu kikapita usoni mwa Mama Élysée ambacho Iliasi hakukitegemea: kicheko kidogo, cha puani.

"Hata kwangu alikuwa anasema hivyo," akasema. "Kila siku. Maharage iko na mawe. Mi nachagua mawe mpaka macho inauma, yeye anasema iko na mawe."

Akavuta pumzi. "Mutu asiye na mama amepata watu ya kumulilia," akasema taratibu, kama anayejifanyia hesabu. "Mutoto wangu, mwenye mama, hana."

Ndipo akamwita kwa jina. Alimwita Élysée kwa sauti iliyomtoa mwalimu wa chuoni nyumbani kwake, nyumba ya tano kutoka hapo. Héritier akapiga magoti kando yake, akalia kwa mara ya kwanza mbele ya macho ya watu. Albertine alimshika mama mabega. Alain, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwona akitazama kitu kisichopimika, alikuwa ameinamisha kichwa, na mizani yake ilianguka kutoka mfukoni, asiiokote.

Wale waliokuja kumlilia Radi waliendelea kumlilia Élysée bila kuhama mkeka. Hakuna aliyetangaza kwamba marehemu amebadilika. Waliokuja baadaye waliambiwa, "Ni Élysée, kaka wa Héritier," nao wakasema poleni kwa namna ileile. Yule mzee alisema alimkumbuka vizuri huyu pia. Safari hii pengine ilikuwa kweli.

Mama alilala kwa Albertine. Kulipokucha alisema matanga haya ni mazuri lakini yako kwenye nyumba ya watu, na mtoto wake ana nyumba. Wazike Wamaza. Wazike nini, hakuna aliyethubutu kumwuliza. Iliasi alimchukua Héritier pembeni.

"Mabega yake yalikuwa kama yako?"

"Mapana kidogo."

"Mikono?"

"Mirefu. Shati zote zilimwacha hapa." Akaonyesha juu ya kifundo cha mkono.

Iliasi akakata kitambaa cheupe alichokuwa amemwekea mteja wa harusi. Alishona kutwa nzima, na safari hii mfuko ulikaa mahali pake. Mikono aliiacha mirefu, ifike kwenye vifundo, maana hakuona sababu ya kumwacha mtu na mikono mifupi mahali ambapo hatabadilisha tena nguo. Alain alikwenda mlimani bila kumuaga mtu. Alirudi na jiwe kutoka kwenye magogo ya lile shimo lililofungwa. Ni jiwe la kawaida, halina dhahabu. Alikuwa ameliangalia, hakuweza kujizuia.

Walikwenda Wamaza kwa pikipiki nne, Iliasi mguu wake umefungwa pembeni kwa kamba ya mpira usije ukagonga mti. Katekista wa huko alilitazama shati, akalitazama jiwe, akauliza kama hivi ndivyo wanavyofanya Salamabila. Albertine alimjibu kwamba ndivyo wanavyofanya Makapi. Katekista hakutaka kuonekana haijui Makapi. Akafungua kitabu chake cha sala, akasoma yote, bila kuruka. Wakalifunga jiwe ndani ya shati na kulizika nyuma ya nyumba, karibu na migomba. Mama Élysée alitupa udongo wa kwanza. Wakati wa kula aligawa maharage yeye mwenyewe, na Héritier alipouma jiwe alilimeza.

Siku hizi huko Wamaza, wakimwuliza habari za mtoto wake mkubwa, Mama Élysée anasema amezikwa nyuma ya nyumba. Mchezo wenyewe haupendi. Alimwambia Iliasi wazi kwamba mtu mzima mwenye cherehani anayetumia Jumapili yake kuongea na joka anahitaji mke. Iliasi alisema atalifikiria. Bado analifikiria, na Mama Élysée ameanza kumtajia majina.

Jumapili nyingi zilipita kabla hawajarudi Makapi. Iliasi aliziweka dadu kwenye kopo la vifungo, na aliamua moyoni kwamba hatalifungua mpaka mtu amwombe. Aliyemwomba ni Alain. Alikuja na kigoda chake mwenyewe, akasema kamati bado haijajibiwa na kile kichwa cha sita. Albertine akavuka barabara. Héritier akaja mwisho, nywele zimeanza kuota.

"Wewe sasa ni nani?" Iliasi akamwuliza, kwa sababu mchezo unataka hivyo. Kapita alikuwa amekufa, na aliyekufa Makapi harudi.

Héritier alisema yeye ni mwalimu wa kike, amefika leo kutoka mbali, ana sanduku la chaki. Anauliza shule iko wapi.

"Makapi hakuna shule," Iliasi akasema.

"Hata ya majani?"

"Hata ya majani."

Alain alisema wachimbaji wanaweza kujenga, lakini si mwezi huu. Malkia akasema ataweka mawese, kama kuna watu wa kusimamisha nguzo. Mabishano ya nani atakata miti yaliendelea mpaka jua likashuka nyuma ya mlima, mlima wa kweli.

"Basi nakaa juu ya sanduku yangu," Héritier akasema. "Nangoja mujenge."

Iliasi hakumwambia arushe dadu. Kukaa hakuhitaji dadu. Jumapili iliyopita yule mwalimu wa kike alikuwa bado ameketi palepale, katikati ya soko la Makapi, sanduku la chaki halijafunguliwa. Malkia amempelekea kiti.